Picha Zilizotikisika

Picha ya nne ya Enesia Nzowa ilitoka safi kama zile tatu zilizotangulia, na Subilaga Mwaisumo alitamani kuizaba kompyuta kofi.

Ilikuwa saa tatu asubuhi, Jumanne, na baridi ya Juni ya Ilondoje ilikuwa imepenya hadi kwenye chumba cha kuongozea MRI, ambako Subilaga alifanya kazi amevaa sweta mbili chini ya koti jeupe. Orodha ya siku ilikuwa na watu sitini na nane. Enesia alikuwa wa tisa. Alilazwa mezani, akaingizwa kwenye tundu la mashine, sumaku ikagonga na kunguruma kwa dakika tatu na nusu, akatolewa. Kabla hajamaliza kufunga kamba za viatu, picha za ubongo wake zilikuwa zimejaa kwenye kioo, kali, zinang'aa, kila mkunjo mahali pake. Dakika mbili baadaye Dokta Mwaipaja, aliyekaa ghorofa ya pili akizisoma picha kadiri zilivyomfikia, akagonga muhuri wake wa kijani chini yake: SAFI.

Safi wapi, jamani. Mwanamke mwenyewe alikuwa na bendeji kutoka kiwiko hadi vidoleni. Wiki iliyopita kifafa kilimkamata akisonga ugali, akaangukia jiko.

"Kwa hiyo, daktari, hamna kitu tena?" aliuliza mama yake, aliyesimama mlangoni akiwa amekumbatia mkoba wa bintiye. Kwake kila mwenye koti jeupe alikuwa daktari, na Subilaga alishachoka kumsahihisha kwamba yeye ni mpiga picha tu.

"Picha haioneshi kitu, mama."

"Na hii?" Mama Nzowa aliuinua mkono wenye bendeji taratibu, kama anayeonesha mzigo usio wake. "Hii nayo haioneshi kitu?"

Enesia ndiye aliyezungumza, macho yakiwa sakafuni. "Mwalimu mkuu kasema nikirudi na picha safi mara hii, nisimpelekee tena habari za ugonjwa. Anasema naigiza. Juzi nimeanguka mbele ya darasa la nne, watoto wamepanda juu ya madawati kwa hofu. Sasa dada, kuna mtu anaigiza mpaka anajikojolea mbele ya wanafunzi wake?"

Alisema bila kulia, na hilo lilimchoma Subilaga kuliko machozi. Walikuwa karibu umri mmoja, miaka thelathini na minne, thelathini na mitano.

Ubishi haukusaidia, kwa sababu sheria ilikuwa upande wa picha. Tangu kupiga picha ya ubongo kulipokuwa jambo la dakika tatu, wakubwa waliandika mwongozo walioupa jina la Picha Kwanza, na mwongozo ule ukaingia kila mahali kama vumbi. Dawa ya kifafa haikutoka dirishani bila namba ya picha yenye tatizo. Anayetaka leseni ya udereva alileta cheti cha picha. Anayetaka kazi ya ualimu au ya kupanda nguzo za umeme, vilevile. Zile fomu za zamani zilizomuuliza mtu kama amewahi kuanguka na kupoteza fahamu zilifutwa, maana kwa nini umuulize mtu anayeweza kukudanganya, wakati kichwa chake umeshakiona? Mtu alisema anaumwa, picha ikasema haumwi, na iliyosadikiwa ni picha.

"Nisubirini kwenye benchi," Subilaga alisema. "Msiondoke."

Alimwita wa kumi, akamlaza, akabonyeza kitufe, kisha akapiga simu ghorofa ya pili.

"Dokta, yule mwalimu Nzowa. Naomba ruhusa nimpige picha kwa njia ya zamani. Nzima."

"Picha yake ni safi, Subilaga. Nimeiangalia mara mbili."

"Mkono wake umeungua."

"Pole yake. Lakini mimi nasoma picha, sisomi mikono." Hakulisema kwa ubaya, alilisema kwa uchovu. "Picha nzima ni dakika hamsini na mbili. Una watu sitini mlangoni. Utamrudisha nani nyumbani, wewe uliyesimama nao hapo?"

Akakata. Subilaga alibaki ameshika simu, amechukia, na kilichomchukiza zaidi ni kwamba daktari alikuwa na haki.

Alikuwa na haki kwa sababu Subilaga aliujua wakati wa kabla. MRI husikiliza mwangwi wa mawimbi unaotoka kwenye maji ya mwili, mstari baada ya mstari, mamia ya mistari, na zamani ilibidi isikilize yote ndipo picha ipatikane. Mgonjwa alilala humo karibu saa nzima, na kwa siku walipigwa watu wanane au tisa, umeme ukikubali. Foleni ilikuwa ya miezi mitano. Kisha ukaja mfumo ambao jina lake la kwenye makaratasi lilikuwa refu mno, na watu wakauita Chapuchapu. Wenyewe husikiliza mstari mmoja katika kila kumi na miwili. Mingine kumi na mmoja huijaza kwa kukisia, kwa kuwa umeonyeshwa picha elfu tisa za ubongo wa watu wa nyanda hizi, ukajifunza ubongo unavyokuwa. Hufanya kama mtu anayesoma barua iliyoliwa na mchwa, anayejaza maneno yaliyotoboka kwa kuwa anamfahamu mwandishi. Na hujaza vizuri mno. Hospitali kumi na tisa ziliuchukua. Ilondoje, ambako mfumo ulifundishwa, ilipata bango getini.

Swali lililomkaa Subilaga kooni asubuhi yote lilikuwa dogo. Je, kama mwandishi wa barua mara hii ameandika neno ambalo hujawahi kulisoma?

Saa saba mchana ilimpa nafasi. Kila siku saa hiyo mashine ilipimwa kwa tufe la plastiki lililojaa maji, kuhakikisha sumaku haijapoteza nguvu, na kipimo hicho kilichukua saa nzima. Kilikuwa kipimo cha kanuni, hakirukwi. Subilaga aliliacha tufe kabatini, akamwita Enesia.

"Ni dakika hamsini na mbili," alimwambia. "Huruhusiwi kutikisika hata kidogo. Ukitikisika, tunaanza upya, na muda wa kuanza upya hatuna."

"Na kama kitu chenyewe kitakuja nikiwa mle ndani?"

"Binya hiki kimpira, nitakutoa."

Mama Nzowa alivua hereni, pete na pini mbili za kitenge, akaketi kwenye kiti cha mbao miguuni pa bintiye. Subilaga akauzima mfumo wa Chapuchapu. Kompyuta ilimuuliza mara tatu kama ana hakika. Alijibu ndiyo mara tatu, kila mara akibonyeza kwa nguvu zaidi kuliko ilivyohitajika.

Dakika ya thelathini na nane, kupitia dirisha la kioo, aliona vidole vya mkono mzima wa Enesia vikianza kucheza. Kidole kimoja, kisha viwili. Kimpira hakikubinywa. Subilaga aliinua mkono kuelekea kitufe cha kusimamisha, akauzuia. Mama Nzowa naye alikuwa ameona. Aliinama, akaweka viganja vyake viwili juu ya miguu ya bintiye, akasema naye kwa sauti ambayo kioo hakikuiruhusu kupita. Vidole vilicheza, vikacheza, vikatulia. Subilaga alishusha mkono, na kwa mara ya kwanza siku hiyo aliona aibu badala ya hasira. Mwanamke yule alikuwa akipigana na kichwa chake mwenyewe ili apate kuaminiwa.

Picha ilipotoka haikuwa nzuri. Ilikuwa na chengachenga, ya kijivu, kama zile za zamani ambazo wageni wa hospitali walizicheka walipooneshwa. Subilaga alizipitia picha ndogo zinazoiunda, moja moja, kutoka juu kushuka chini. Kwenye ya ishirini na sita alisimama.

Kifuko kidogo cheusi, cha mviringo, kama punje ya kunde, na ndani yake nukta nyeupe. Kwenye ya ishirini na tisa, kingine. Pembeni upande wa kushoto, viwili vimeketi jirani. Alivihesabu hadi tisa.

Alivijua. Alivisomea chuoni, na katika nyanda hizi ambako nguruwe hufugwa karibu kila mji, hakuna mpiga picha asiyevijua. Ni watoto wa minyoo ya tegu. Mayai yake huingia kwa maji au mboga zilizochafuka, wadudu husafiri kwa damu hadi kichwani, na hukaa humo kimya miaka mingi kabla mwenye kichwa hajaanza kuanguka. Si uchawi, si maigizo, na dawa yake ipo.

Angeweza kuishia hapo. Lakini alikuwa ameshikwa na ukorofi wa kutaka kujua. Alichukua data ghafi ileile, mistari yote ya dakika hamsini na mbili, akaitupa kumi na mmoja katika kila kumi na miwili, akaipa Chapuchapu iliyobaki. Kichwa kilekile, saa ileile, hata pumzi hazikutofautiana.

Picha ilikuja baada ya sekunde nne. Ilikuwa nzuri sana. Kifuko cha kwanza hakikuwepo, wala cha pili, wala vile viwili vya pembeni. Mahali pake palikuwa na ubongo safi, wenye mikunjo iliyochorwa kwa ustadi, ubongo ambao Enesia Nzowa hakuwa nao.

Subilaga alisema neno ambalo mama yake asingependa kulisikia.

* * *

Ipyana Mwalukasa, mhandisi aliyelea mfumo tangu siku ya kwanza, alikuwa na chumba chake nyuma ya seva, chumba pekee chenye joto hospitali nzima. Alitazama picha mbili zikiwa moja ubavuni mwa nyingine, akaacha kutafuna karanga.

"Imevichukulia kama uchafu," alisema. "Kama chenga. Ikavipangusa."

"Naona kwamba imevipangusa, Ipyana. Nauliza kwa nini. Ugonjwa wenyewe umejaa hapa. Katika picha elfu tisa vimekosekana kweli?"

Ipyana alifungua kumbukumbu za mafunzo, akashuka nazo, na Subilaga akaona kwamba mwenzake ameshajua na anatafuta namna ya kusema.

"Picha za kufundishia zilichaguliwa," alisema mwisho. "Unakumbuka? Miezi mitatu."

Alikumbuka. Ndiye aliyezichagua. Alipewa kazi hiyo kwa kuwa jicho lake lilisifiwa, na aliifanya kwa moyo wote. Kanuni ilikuwa moja na ilikuwa na akili: mfumo usifundishwe kwa picha mbovu. Picha yenye ukungu kwa sababu mgonjwa hakutulia, tupa. Alizipitia zaidi ya elfu tisa na mia sita, usiku na mchana, mpaka akawa anaziota. Waliotulia akawaweka kulia. Waliotikisika akawaweka kushoto, na kwenye kila jina la kushoto akaandika kwa mkono wake: *Anatikisika. Arudi, tutampigia.*

"Za kushoto mlizifuta?" aliuliza.

"Sifuti kitu mimi."

Zilikuwa mia sita arobaini na moja. Ipyana alifungua ishirini za mwanzo. Zilikuwa na ukungu kweli, mistari imepandana, yeyote angezitupa. Lakini sasa Subilaga alijua anachotafuta, na ndani ya ukungu ule alikiona. Picha ya pili kilikuwepo. Ya tatu. Ya sita, vitatu. Katika ishirini, kumi na moja.

Walitikisika kwa sababu walikuwa wagonjwa. Yeye akawatoa kwa sababu walitikisika. Mashine ikakua ikiamini kwamba watu wa nyanda hizi hawana kitu hicho vichwani, na kila ilipokutana nacho ikakisahihisha, kwa nidhamu ileile aliyoifundisha. Jicho lake lililosifiwa.

"Ulifanya tulichokwambia," alisema Ipyana.

"Usiniambie hivyo."

"Ndiyo ukweli lakini."

"Ndiyo maana sitaki uniambie."

* * *

Dokta Mwaipaja alizitazama picha kwa muda mrefu. Kisha alivua miwani, akaiweka juu ya meza, akaandika karatasi ya kumlaza Enesia kabla ya kusema lolote lingine. "Leo hii. Asipewe dawa ya kuwaua hawa wadudu akiwa nyumbani, wakifa kwa pamoja ubongo unavimba. Aanze ya kuzuia uvimbe kwanza. Mwambie mama yake kwamba ni ugonjwa, una jina, na unatibika." Akamkabidhi Subilaga karatasi. "Mimi mara tatu nimemwambia yule mwanamke ni mzima. Leo ya nne."

"Wako wengine, Dokta."

"Najua wako wengine."

"Vyeti elfu kumi na moja na ushee, hapa tu. Hatujagusa hospitali nyingine kumi na nane."

"Kaa kwanza, Subilaga."

Hakukaa. Daktari alisugua macho. Hakuwa mtu mbaya, na hilo lilikuwa tatizo. Mbaya angemrahisishia kazi.

"Wiki iliyopita aliletwa fundi cherehani mmoja," alisema. "Kiharusi. Amefika getini, baada ya robo saa tulishaliona bonge la damu. Asubuhi hii nimemkuta anatembea wodini anadai chai. Kwa mashine ya zamani angekuwa wa mia tisa na ngapi kwenye foleni? Wewe ndiye uliyekuwa ukiwapigia simu zamu zao zikifika. Waliniambia ulikuwa unalia."

Ni kweli alilia. Alikuwa akipiga simu kumwambia mtu kwamba nafasi yake imepatikana, na upande wa pili anajibiwa kwamba wameshazika.

"Tukitangaza," daktari aliendelea, "wataufunga mfumo kesho asubuhi, hospitali zote kumi na tisa. Hawatauliza unakosea wapi na unapatia wapi, unajua wanavyofanya. Na kesho kutwa getini kutakuwa na watu elfu kumi wanaotaka kupigwa upya, kwa mashine inayopiga wanane kwa siku. Watu wenye kiharusi watakufa nyuma ya foleni hiyo. Nipe siku tisini. Ipyana aufundishe upya, safari hii kwa picha zako za kushoto. Kila siku saa saba, badala ya tufe, mpige mgonjwa mmoja wa kifafa picha nzima. Kimyakimya. Tukiwa na mfumo uliopona, ndipo tutawaita wote."

"Mmoja kwa siku."

"Mmoja ni zaidi ya tulivyompa mwalimu Nzowa."

"Na vyeti?"

"Siku tisini, Subilaga. Nakuomba, sikuamuru."

Alitafuta kosa katika hoja ile na hakulipata. Kila neno lilikuwa na mantiki, kama ile kanuni ya kutupa picha mbovu. "Sawa, Dokta," alisema, na alipofika kwenye ngazi alikuwa ameshaichukia ile *sawa* kuliko maneno yote aliyosema mwaka huo.

Alimwambia Mama Nzowa kwamba ni ugonjwa, una jina, na unatibika. Mama hakushangilia. Aliuliza jina hilo linaandikwaje, ili mwalimu mkuu aandikiwe, na Enesia akageuka ukutani akalia hatimaye, kwa kwikwi, huku mkono mzima ukiwa umeziba uso. "Asante, dada," alisema. Subilaga akaondoka haraka, maana asante hiyo haikuwa yake.

* * *

Saa tisa alasiri alikuwa amerudi mashineni na orodha ilikuwa inakwenda. Wa arobaini na moja, SAFI. Wa arobaini na mbili, uvimbe, akapelekwa wodini palepale, na Chapuchapu ikawa imeokoa mtu mwingine. Wa arobaini na tatu alikuwa kijana wa kupanda nguzo za umeme. SAFI. Alitoka nje anapiga mluzi, na Subilaga alimtazama mgongo mpaka akapotea, akijiuliza kama amewahi kuanguka. Hakumuuliza. Fomu haikuwa na nafasi ya swali hilo.

Ipyana alikuwa amemtumia ile orodha ya kushoto, kwa ajili ya kupanga nani awe wa saa saba kesho. Alijiambia ataifungua jioni. Akaifungua pale pale, wa arobaini na nne akiwa bado anavua mkanda.

Jina la kwanza lilikuwa Gideoni Halinga, miaka thelathini na saba. *Anatikisika. Arudi, tutampigia.* Hakuna aliyempigia simu. Chini yake mfumo ulikuwa umeongeza mstari mwingine: Gideoni alirudi mwenyewe, miezi kumi na minne iliyopita, akapita Chapuchapu. SAFI. Sababu ya kuhitaji picha: leseni ya kubeba abiria.

Subilaga aliusoma mstari huo mara mbili. Kisha alichukua simu ya ukutani. Hakuwa amekata shauri lolote. Alijiambia anataka tu kujua kama yu hai, baada ya hapo moyo utatulia na siku tisini zitaanza vizuri.

Simu iliita muda mrefu.

"Haloo." Nyuma ya sauti kulikuwa na injini, na watoto wengi wakiimba.

"Naongea na Gideoni Halinga?"

"Ndiye mimi. Nani mwenzangu?"

"Naitwa Subilaga. Napiga kutoka hospitali ya rufaa, idara ya picha."

Mwanamume alicheka, kicheko cha mtu asiye na kinyongo. "Ndiyo mmenikumbuka leo? Mlisema mtapiga, nikasubiri hadi nikasahau. Usijali, dada, nilikuja kupiga ile ya haraka. Mimi ni mzima. Cheti ninacho, nimekibandika hapa mbele kwenye kioo."

"Gideoni, bado unaanguka?"

Injini ilinguruma. Watoto walifika mwisho wa wimbo, wakauanza upya.

"Si kama zamani," alisema kwa sauti ya chini, sauti ya mtu anayeongea asisikiwe. "Mara mojamoja. Mkono unaanza kucheza, halafu sijui kitu, nazinduka. Lakini si mlisema ni safi? Mke wangu alitaka niache kazi, nikamwonesha cheti. Nikamwambia ni uchovu."

"Uko wapi sasa hivi?"

"Barabarani, nawashusha wanafunzi. Ndio naanza kuteremka mlima. Nikifika chini nitakupigia, dada, mkono mmoja nimeshika simu."

Subilaga alisimama. Nyuma yake mlango wa kuelekea kwenye benchi ulikuwa wazi, na watu zaidi ya ishirini wenye namba mikononi walikuwa wakimtazama kwa sababu mashine ilikuwa kimya na mashine haikuwahi kuwa kimya saa hiyo. Wa arobaini na nne alikuwa amelala mezani anangoja. Kila hoja ya daktari ilikuwa bado kweli. Yule fundi cherehani alikuwa bado anatembea wodini.

"Usiteremke," alisema, na hakupunguza sauti. "Simama hapo hapo pembeni. Zima gari, toa ufunguo. Picha yako si safi, Gideoni. Mashine yetu inafuta ugonjwa kwenye picha, na aliyeifundisha kufuta ni mimi."

Kwenye benchi mtu mmoja alisimama, kisha wa pili. Subilaga alinyoosha mkono wa kushoto akauzima mfumo. Kompyuta ikamuuliza kama ana hakika, naye akabonyeza, akiwa bado ameibana simu sikioni.

Alisikia gari likipunguza mwendo, changarawe zikilia chini ya magurudumu, breki ya mkono ikivutwa. Injini ikazimika. Wimbo ulikatika mtoto mmoja mmoja, mpaka akabaki mmoja tu, na huyo naye akanyamaza.

"Wako thelathini na mmoja humu ndani," alisema Gideoni. "Asubuhi na mchana. Tangu mwaka jana."